Uhakiki wa Anwani: Kamusi ya Yale na Funzo la Mwamanyili

Anwani ya tovuti haina budi kuhakikiwa kama yahakikiwavyo majina ya vitabu, kwa kuwa ndiyo waitajayo wataalamu katika maandishi yao, na ndiyo aifuatayo msomaji miaka mingi baadaye. Hapa twachukua mfano wa Mradi wa Kamusi, ulioanzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1994, ambao kwa miaka kadhaa ulijulikana kwa anwani ya www.yale.edu/swahili.

Sifa za anwani hiyo ni dhahiri. Ni fupi, yakumbukika upesi, wala haina tarakimu za kumtatiza mtu. Tena jina la chuo mashuhuri lilimpa mgeni imani kwamba kazi ile si ya mzaha.

Hata hivyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya lugha. Neno swahili, likikosa kiambishi ki-, ni jina la lugha hii kwa Kiingereza. Jarida la taasisi ya Dar es Salaam nalo liliitwa Swahili, hata lilipochukua jina la Kiswahili mwaka 1970. Ajabu ni kwamba, robo karne hivi baadaye, kamusi ya Kiswahili iliingia katika intaneti kwa jina ambalo wenyeji walikwisha kuliacha.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Yaliyo kabla ya mkwaju ni mali ya mwenye nyumba. Kamusi ilikuwa mpangaji. Mradi ulipotoka Yale ulilazimika kutumia anwani nyingine, na marejeo yaliyokwisha kupigwa chapa hayakuweza kuhama pamoja nao.

Hatari hii si ya ugenini tu. TUKI iligeuka kuwa TATAKI mwaka 2009. Anwani yenye herufi za tuki ingalichakaa papo hapo. Tutazame pia Mwamanyili, jina ambalo, kama mengi ya Usukumani, laanza kwa mwa-, kiambishi cha mahali. Kata hiyo ilikuwa katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Mwaka 2012 iliingia Wilaya ya Busega katika Mkoa mpya wa Simiyu, ambao makao yake ni Bariadi. Mamlaka zilibadilika, lakini Mwamanyili ni Mwamanyili. Mtu akihifadhi maneno ya Kisukuma ya huko, na ayaweke chini ya jina la mahali au la lugha, wala si la ofisi inayoyatunza.

Yafaa kufahamu kwamba jina na kompyuta ni vitu viwili mbalimbali. Jina hutafsiriwa kuwa nambari ya kompyuta, na nambari hiyo yaweza kubadilishwa pasipo kuligusa jina. Basi kazi yaweza kukaa katika kompyuta za chuo huku ikiwa na jina lake yenyewe chini ya .tz. Na ikiwa lazima kutumia jina la chuo, kwa mfano chini ya ac.tz, chuo na kiahidi kuacha katika anwani ya kale ishara ya kumwelekeza msomaji kwenye mpya. Pasipo ahadi hiyo, mtaalamu anayetaja anwani katika makala yake amtuma msomaji kwenye nyumba iliyohamwa.