Ming'oko kwenye Spectrum: uhakiki wa kitabu cha Logan na O'Hara

Ukibonyeza kitufe kwenye kompyuta yako, nani anaamua kwamba hiyo ni "n" na si kitu kingine? Wengi wetu tuliosoma kompyuta chuoni tuna jibu la haraka: draiva ya kibodi. Haya, hebu niambie draiva hiyo inafanya nini hasa, hatua kwa hatua. Mimi nilimaliza shahada ya kwanza bila kuweza kujibu. Tulifundishwa asembli ya 8086, na kila tulipotaka herufi kutoka kwenye kibodi tuliandika amri moja ya kuuomba mfumo, herufi ikaja. Kilichotokea katikati hakikuwa kwenye mtihani.

Kitabu kilichonitoa kwenye ujinga huo kina umri mkubwa kuliko mimi. Kinaitwa The Complete Spectrum ROM Disassembly, kimeandikwa na Ian Logan na Frank O'Hara, na kilitolewa na Melbourne House mwaka 1983. Kazi yake ni moja tu: kuchukua programu iliyofungiwa ndani ya ROM ya kilobaiti 16 ya kompyuta ya nyumbani iitwayo Sinclair ZX Spectrum, na kuifasiri amri kwa amri katika asembli ya chipu ya Z80, na maelezo pembeni. Programu yenyewe iliandikwa Uingereza na John Grant na Steve Vickers wa kampuni ya Nine Tiles. Nimekisoma likizo hii nikiwa nyumbani Mnyambe, wilayani Newala, emuleta ikiwa wazi kwenye laptopu, na nina ya kusema, mazuri kwa mabaya.

Mashine hii ni ngeni kwetu, na kuna sababu. Spectrum ilitoka Aprili 1982. Uingereza iliuzwa pauni 125 ile yenye kumbukumbu ndogo na 175 yenye kubwa, na watoto wengi kule walijifunzia programu sebuleni kwa kuichomeka kwenye televisheni. Hapa kwetu amri ya serikali ya mwaka 1974 ilikuwa imezuia kuingiza kompyuta nchini. Televisheni Tanzania Bara ilikuja miaka ya 1990. Yaani hata kama mjomba angekuletea Spectrum kwenye begi, ungeichomeka wapi? Kwa hiyo sisi tunakisoma kitabu hiki bila mapenzi ya utotoni, na nadhani hilo linaturuhusu kuwa wakali kidogo kuliko wasomaji wake wa kwanza.

Tuanze na raha. Kibodi ya Spectrum ina vitufe 40, vimegawanywa katika nusu-safu 8, kila moja vitufe 5. Chipu haiambiwi na mtu kwamba kitufe kimebonyezwa. Lazima iende kuangalia yenyewe. Mara 50 kwa sekunde kazi yoyote inayoendelea inakatizwa, na ROM inazipitia nusu-safu moja moja, kama mama anavyopita chini ya mikorosho mwezi wa kumi, mstari kwa mstari, akiangalia kilichodondoka. Kila nusu-safu inarudisha biti tano. Sifuri maana yake kitufe kimebonyezwa, moja maana yake hakijaguswa. Ndiyo, ni kinyume na unavyotarajia, utazoea.

Sasa angalia ujanja. Rejista B inabeba biti nane: saba ni moja, na moja tu ni sifuri. Mahali ilipo sifuri ndiyo nusu-safu inayosomwa. Baada ya kila kusoma, B inazungushwa hatua moja kushoto, na sifuri inahamia kwenye nusu-safu inayofuata. Baada ya hatua nane sifuri inadondokea kwenye bendera ya kubebea, na hiyo ndiyo ishara kwamba kazi imeisha. Hakuna kihesabio cha pembeni. Rejista ileile inayoonyesha njia ndiyo inayohesabu hatua. Nilipoliona hilo nilimwita mdogo wangu aje aone. Alitazama kwa adabu, akaniuliza kama kuna mtu ananilipa.

Logan na O'Hara wanaipitia sehemu hii kwa utulivu, na maelezo yao ni mafupi na sahihi. Tatizo langu ni kwamba kitabu ni cha ROM, si cha waya, na draiva ya kibodi inaishi mpakani kati ya hivyo viwili. Mfano: amri zinaonyesha kwamba ukibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, ROM inakataa kusoma chochote. Kwenye karatasi inaonekana kama ukorofi tu. Lakini fikiria waya. A na S ziko nusu-safu moja. Q iko nusu-safu nyingine, kwenye safuwima moja na A. Shikilia zote tatu, umeme utapita Q, uzunguke kwenye A, utokee S, na chipu itaona W imebonyezwa wakati hujaigusa. Vitufe vitatu vinavyokaa kwenye pembe tatu za mstatili vinazaa mzuka kwenye pembe ya nne. Kumbe kukataa ilikuwa busara! Msomaji wa amri peke yake hawezi kuligundua hilo.

Na emuleta haikusaidii, hapa ndipo nilipochelewa kuelewa. ROM ikiona kitufe kimeachiliwa, haiamini mara moja. Inasubiri makatizo 5, yaani sehemu ya kumi ya sekunde, ndipo inakifuta kwenye kumbukumbu zake. Mguso halisi wa kitufe hautulii papo hapo, hutetemeka na kuachia na kushika kwa muda mfupi sana. Bila subira hiyo, "n" moja ingeweza kuwa "nnn". Nilipojaribu kuiondoa subira kwenye emuleta, hakuna kilichoharibika. Kwa nini? Kwa sababu kibodi ya laptopu yangu ina draiva yake, na hiyo ilishasafisha mtetemo kabla Spectrum ya bandia haijaona kitu. Kwa hiyo yeyote anayekuambia utajifunza kila kitu kuhusu mashine kongwe kwa emuleta, mwambie kuna nusu ya somo ameiacha.

Kipimo cha kitabu cha aina hii ni kimoja: ukikifunga, unaweza kuandika cha kwako? Nilijipa kazi. Kiswahili kinaandikika chote kwa herufi za Spectrum, lakini "ng'" ni mateso: n, halafu g, halafu SYMBOL SHIFT na 7 kupata alama ya juu. Andika "ming'oko" mara kumi, vidole vitakuambia. (Ambaye hajafika Kusini: ni mizizi ya porini, inachimbwa, inachemshwa, ukishazoea huachi.) Nilitaka kitufe kimoja kitoe zote tatu. Nilichagua SYMBOL SHIFT na X, ambayo kwenye mashine hiyo hutoa alama ya pauni ya Uingereza. Sikuiona hasara.

Jedwali linalogeuza vitufe kuwa herufi limo ndani ya ROM, na ROM haiandikiki. Njia iliyobaki ni kuiambia Z80 ibadilishe namna ya kukatizwa, ili katizo lije kwenye programu yangu kwanza. Hapo unahitaji jedwali la baiti 257 zote zenye thamani moja, kwa sababu nusu ya anwani inatoka mahali pasipoaminika na inaweza kuwa namba yoyote. Kwa nini si 256? Kwa sababu anwani moja inachukua baiti mbili, na ya mwisho inahitaji jirani.

Programu yenyewe ilikuwa fupi: acha ROM isome kibodi kama kawaida, kisha tazama herufi iliyopatikana. Ikiwa ni 96, yaani pauni, weka 110, na uweke akiba 103 na 39 kwa zamu zinazofuata. Jaribio la kwanza nikaandika haraka haraka. Ikatoka "mingo'ko".

Kosa lile lilinifundisha zaidi ya sura nzima. ROM inaweka herufi mpya kwenye baiti moja, anwani 23560, na kuinua biti moja kusema "kuna barua". Sanduku la barua lina nafasi ya barua moja. Programu ya kuhariri ikichelewa, na kwenye mstari mrefu inachelewa kweli, "o" yangu iliwahi kuingia sandukuni kabla ya alama ya juu iliyokuwa akiba. Ilibidi nijenge foleni ya baiti 16, na kila herufi, hata ya kawaida, ipange mstari. Commodore 64, ya mwaka uleule wa 1982, ilikuwa na foleni ya herufi 10 tayari. Watetezi wa Spectrum watasema kumbukumbu ilikuwa adimu. Baiti kumi jamani? Mimi naita hilo dosari ya ROM, na nawalaumu Logan na O'Hara kidogo kwa kuipita wakiwa wapole. Wanaeleza sanduku linavyofanya kazi. Hawaulizi kama lilitosha.

Je, ukisome? Kama unasoma uhandisi au sayansi ya kompyuta na umewahi kuandika hata mistari ishirini ya asembli, ndiyo. Anza na sehemu ya kibodi, ruka kikokotoo cha desimali hadi ujisikie shujaa. Soma ukiwa na mchoro wa nyaya za kibodi mezani. ROM si ya wizi: Amstrad, walioinunua biashara ya kompyuta ya Sinclair mwaka 1986, waliruhusu mwaka 1999 isambazwe pamoja na emuleta. Faili lake ni dogo kuliko picha moja ya simu yako, kwa hiyo bando si kisingizio. Kama hujawahi kugusa asembli kabisa, kitabu hiki kitakuchosha kabla hujafika ukurasa wa kumi, maana hakina zoezi hata moja linalokushika mkono.

Draiva yangu bado haijakamilika. "Ng'" yenye N kubwa haitoki. Ningependa iwe CAPS SHIFT, SYMBOL SHIFT na X pamoja, lakini hivyo ni vitufe vitatu, na ROM, kama tulivyoona, inavikataa. Nimechora mstatili kwenye daftari kuhakiki: CAPS SHIFT na X ziko nusu-safu moja, SYMBOL SHIFT iko nyingine, na kila kimoja kina safuwima yake. Hakuna pembe ya nne, hakuna mzuka. Waya hazidanganyi hapo. Anayekataa ni ROM peke yake, na wiki ijayo naandika mzunguko wangu wa kusoma poti bila kumuuliza.