Uliza Moto Kwanza

Mtu wa Dar es Salaam anayetaka kujifunza ufinyanzi huuliza mambo matatu: darasa liko wapi, ada ni kiasi gani, na je, kuna gurudumu? Si maswali ya kupuuza, hasa kwa mkazi wa Mbagala ambaye foleni ya Barabara ya Kilwa yaweza kummaliza nguvu kabla hajagusa udongo. Mimi ningeanza na jingine: hapa mnachoma vipi?

Ufinyanzi wote unangoja moto. Udongo uliokauka juani bado ni udongo. Uloweke usiku kucha, asubuhi utakuta tope. Joto likishapita nyuzi 600 hivi, maji yaliyofungamana na chembe zake yametoka, na tope halirudi tena. Moto wa uwanjani, wa kuni, nyasi na makumbi ya nazi, hufika hapo na kupanda mara nyingi hadi 800 au 900, halafu huzimika. Tanuri la umeme au la gesi hupandishwa taratibu, likafika 1,000, hata 1,200 na kuendelea. Kila kiwango cha joto kina chombo chake.

Chukua mtungi wa maji. Uliochomwa kwa moto wa uwanjani hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hujipenyeza hadi nje ya ukuta wake, hewa huyakausha, nayo yakikauka huondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Ndiyo maana maji ya mtungini huwa baridi kuliko ya ndoo ya plastiki iliyo kando yake. Sasa finyanga mwingine kwa udongo unaohimili moto mkali, uupake dawa inayogeuka kioo motoni, uuchome kwa nyuzi 1,250. Utapata chombo kigumu, kinachong'aa, kisichopitisha tone, na maji yake yatakuwa vuguvugu kama ya bombani. Chungu cha mchuzi ni vivyo hivyo: mchanga uliochanganywa kwenye udongo wake na ukuta wake usiobana sana humwezesha mpishi kukitua juu ya mafiga bila kupasuka, jambo ambalo kikombe cha tanuri kali hakiliwezi. Lakini chai ya maziwa ndani ya kikombe kisichopakwa dawa hiyo? Baada ya wiki hutapenda harufu yake.

Wazee wa pwani walilijua hili bila darasa. Kwenye magofu ya Kunduchi, humu humu jijini, wilayani Kinondoni, kuna makaburi ya nguzo yaliyopachikwa vyombo vya kaure kutoka China. Kaure ilivuka bahari, ikapewa heshima ya kaburini. Jikoni wali uliendelea kuiva kwenye chungu cha udongo wa hapa hapa. Sioni unyonge wowote katika mgawanyo huo. Na ajabu ni kwamba malighafi ya kaure ipo jirani kabisa: vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, vina akiba kubwa ya kaolini, udongo mweupe. Ila kaolini peke yake haifinyangiki vizuri na hudai moto mkali mno, kwa hiyo aliyekuwa na kuni na mikono tu alichimba udongo wa bondeni.

Usidhani basi kwamba moto wa uwanjani ni wa maskini na tanuri ni la wataalamu. Mfinyanzi Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa. Akiwa bado mwanafunzi alisafiri hadi kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria, kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Kituo kilikuwa na magurudumu na matanuri ya moto mkali. Yeye alivutwa na wanawake waliokuwa hapo, Ladi Kwali akiwa maarufu kuliko wote, waliojenga mitungi kwa mikono, wakipandisha ukuta pete juu ya pete. Hadi leo Odundo hatumii gurudumu wala hiyo dawa ya kioo. Husugua chombo mpaka king'ae, akakichoma kikawa na rangi ya machungwa. Akitaka cheusi hukirudisha motoni na kukinyima hewa, moshi ukafanya kazi yake. Vyombo vyake vimo British Museum. Alichagua namna ya kufinyanga kwa kutazama chombo alichokitaka, si mashine zilizokuwepo.

Wewe unataka nini? Kama ni vyungu vya maua vya kuuza kwenye bustani za kando ya Barabara ya Bagamoyo, tafuta karakana inayotoa mzigo mkubwa kwa wakati, kwa kuwa mshindani wako ni chungu cha saruji, na mteja wa huko habembelezwi kwa historia. Kama ni sahani na vikombe vya mezani, huna budi kupata mahali penye tanuri. Kama ni chungu chenyewe cha kupikia, pita kwanza Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, kilichofunguliwa mwaka 1967, uzitazame nyumba za makabila na vyombo vyake. Kisha, ukijaliwa nauli, nenda Matema, kwenye Ziwa Nyasa, ambako wanawake wa Kikisi hufinyanga na kuuza vyungu vinavyosafirishwa mbali. Ukifika kwa mama wa namna hiyo mpe shikamoo, kaa chini, ukande udongo siku nzima kabla ya kuuliza cheti.

Karakana yoyote utakayoitembelea, omba kuona vigae. Wanaochoma huvunjikiwa, na rundo la vigae nyuma ya banda linasema zaidi ya picha zilizobandikwa ukutani. Mwalimu mzuri ataokota kipande na kukueleza kwa nini kilipasuka: udongo haukukandwa vya kutosha, ukuta ulikuwa mnene upande mmoja, au chombo kiliingia motoni kikiwa bado na unyevu. Kosa hili la mwisho ni la msimu katika mji wetu. Wakati wa masika chombo huweza kuonekana kikavu nje huku ndani kikiwa kibichi, na moto wa uwanjani haupatani na mvua. Subiri Juni ndipo uanze, wala usilipe ada kabla hujakaribishwa kushuhudia uchomaji mmoja, tangu moto unawashwa hadi vyombo vinatolewa.