"Ndio Mzee" na "Wapo": Nani Kapewa Kipaza Sauti?

Mwaka 2001 Joseph Haule, kijana ambaye wapenzi wa muziki walikuwa ndiyo kwanza wanamzoea kwa jina la Professor Jay, alitoa albamu yake ya kwanza baada ya kuwika na kundi la Hard Blasters. Aliiita Machozi, Jasho na Damu. Humo mlikuwa na wimbo mmoja uliotoka vijiweni kwa vijana ukaingia sebuleni kwa wazee: "Ndio Mzee". Mwaka 2015 msanii huyohuyo alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi kwa tiketi ya Chadema. Mikumi ni moja ya majimbo mawili ya Wilaya ya Kilosa. Jingine ni Kilosa yenyewe, ambamo imo Magole, pale barabara ya Turiani inapochepuka kutoka barabara kuu ya Morogoro–Dodoma.

Machi 2017 mkoa huohuo wa Morogoro ukaingia tena kwenye habari za muziki. Msanii Nay wa Mitego alikamatwa na polisi akiwa hotelini, baada ya onyesho. Kisa ni wimbo wake "Wapo". Baraza la Sanaa la Taifa, Basata, nalo likaufungia. Alikamatwa Jumapili ya tarehe 26. Kesho yake Dkt. Harrison Mwakyembe, ambaye alikuwa na siku chache tu kwenye kiti cha Waziri wa Habari, alitangaza kwamba Rais John Magufuli ameupenda wimbo, anataka msanii aachiwe na wimbo upigwe, tena anashauri waongezwe na wengine ndani yake: wakwepa kodi, wauza dawa za kulevya na watu wa aina hiyo. Wimbo uliomlaza mtu mahabusu ukapata mpenzi Ikulu.

Nyimbo hizi mbili zinawalalamikia wakubwa, na zote zimechanwa kwa Kiswahili ambacho hata mtoto anakifuata. Lakini moja ni vigumu kwa mkubwa yeyote kuidai kuwa yake, ilhali nyingine ilidaiwa ndani ya siku mbili. Ukali wa maneno hauelezi tofauti hiyo, maana "Wapo" ndiyo yenye maneno makali zaidi. Kinachoieleza ni ufundi: mtunzi kampa nani kipaza sauti, na kamwachia msikilizaji nafasi gani ndani ya wimbo.

Mgombea anajisemea mwenyewe

Kabla ya kizazi cha bongo fleva, wimbo wa kulalamika Tanzania ulikuwa na sauti inayojulikana. Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Mtunzi anasimama upande wa mnyonge na kumsemea: anataja shida, anataja dhuluma, anaomba haki. Msikilizaji anatikisa kichwa na kukubali. Uzuri wa njia hiyo ni kwamba mnyonge anajisikia ana wakili. Udhaifu wake ni kwamba msikilizaji anabaki shahidi tu, na hakuna anachoulizwa yeye.

Professor Jay aliigeuza meza. "Ndio Mzee" yote ni hotuba ya kampeni, na anayechana ni mgombea. Hakuna msimulizi wa pembeni anayetuambia huyu ni mwongo, wala hakuna mstari unaolaani wanasiasa. Ushahidi wote unatoka kinywani mwa mtuhumiwa mwenyewe. Anaahidi kufuta umaskini, anaahidi dawa tele hospitalini, anaahidi wanafunzi wataenda mwezini kufanya mazoezi ya sayansi, anaahidi mabomba yatakayotoa maziwa.

Hapo kwenye mwezi inafaa kutulia kidogo. Mchekeshaji wa kawaida angeitenga ahadi hiyo, angevuta pumzi kabla yake, angebadilisha sauti ili tujue sasa ni wakati wa kucheka. Jay hafanyi hivyo. Ahadi ya mwezini inakaa bega kwa bega na ahadi ya dawa, kwa kasi ileile na kwa uzito uleule wa mheshimiwa anayejiamini. Matokeo yake ni kwamba mwezi hauchekeshi peke yake. Unaitia doa ahadi iliyo jirani yake. Dawa hospitalini ni jambo linalowezekana kabisa, lakini ukilisikia limebanwa na mwezi na maziwa ya bombani, unaanza kujiuliza kama aliyelisema analitofautisha na hayo mengine. Kama mtunzi angeweka ahadi za ajabu tupu, tungepata kichekesho cha kusahaulika. Kama angeweka za kawaida tupu, tungepata hotuba.

Kisha unakuja umati. Kila mgombea anachokisema unakijibu kwa kauli moja, "Ndio mzee", iwe dawa au mwezi. Umati ungeguna hata mara moja, wimbo ungekuwa mwingine, kwa sababu tungekuwa na mtu mwenye akili wa kujificha nyuma yake. Hatukupewa. Na kwa kuwa mistari ya mgombea inakwenda haraka na inahitaji kuikariri, sehemu pekee ambayo abiria wa daladala anaweza kuidaka papo hapo ni ile ya umati. Kwa hiyo unajikuta uwanjani bila kualikwa, na umeshaitikia maziwa ya bombani kabla hujafikiri.

Wasikilizaji wengi wameupokea wimbo huu kama dongo kwa wanasiasa. Wako sahihi, ila hiyo ni nusu ya kesi. Angalia jina la wimbo: mtunzi angeweza kuuita kwa cheo cha mgombea au kwa moja ya ahadi zake, lakini kauchagua mstari wa umati. Washtakiwa ni wawili, mmoja jukwaani na mwingine uwanjani, na wa uwanjani ndiye aliyepewa jina la wimbo.

Ngonjera iliyopinduliwa

Wazee wasiopenda hip hop waliuelewaje wimbo huu haraka hivyo? Kwa sababu umbo lake walikuwa wanalijua tangu shuleni. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mathias Mnyampala na washairi wenzake wa chama cha UKUTA waliieneza ngonjera, ushairi wa kujibizana ambao wanafunzi waliukariri na kuughani mbele ya mgeni rasmi. Mmoja ni mjuzi, mwingine hajui au anabisha. Beti zinakwenda na kurudi mpaka yule mbishi anaelewa na kukubali. Ngonjera inafungwa kwa makubaliano, na makubaliano hayo ndiyo ushindi wake.

Ongeza na mikutano ya hadhara ya enzi za chama kimoja, ambako watoto na watu wazima walijifunza kuitikia kaulimbiu kwa sauti moja, mikono juu. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, na uchaguzi wa 1995 na wa 2000 ukafuata, majukwaa yaliongezeka lakini mazoea ya kuitikia yalibaki. Professor Jay, aliyezaliwa 1975, alikulia katikati ya hayo yote. Alichokifanya ni kuichukua ngonjera na kuifunga vilevile kwa makubaliano, ila safari hii makubaliano ndiyo aibu.

Baadaye alitoa "Siyo Mzee", ambamo umati umeerevuka na unakataa. Kwa mwananchi ni wimbo wa kutia moyo. Kwa fundi, naona unapungua makali. Msikilizaji anapewa jibu sahihi la kuitikia, anatoka uwanjani akijipongeza, na lile swali la kwanza, kwamba wewe ulikuwa unaitikia nini, linapata mlango wa kutokea.

Sasa usikilize wimbo wa kwanza kwa masikio ya Magole. Januari 2014 mafuriko yaliikumba Magole na Dumila, yakabomoa nyumba na kukata mawasiliano ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma. Bwawa la Kidete, ambalo lilikusudiwa kupunguza mafuriko ya Kilosa na kuinusuru reli ya kati, limekuwa likitajwa na kutajwa tena kwa miaka mingi. Barabara ya kutoka Dumila kwenda Kilosa hadi Mikumi nayo imepita kwenye hotuba nyingi, lakini hiyo ilipata lami kweli, kwa vipande, kikianza kile cha Dumila hadi Rudewa. Msikilizaji wa huku ana kumbukumbu za ahadi iliyotimia, ahadi iliyokwama na ahadi iliyosombwa na maji. Mwezi hauwezi kumshughulisha sana. Kinachomgusa ni zile ahadi za kawaida zilizoukalia jirani, kwa sababu hizo ndizo anazopaswa kuzichambua moja moja, na umati wa kwenye wimbo hauchambui.

Orodha isiyo na mlango

"Wapo" imejengwa kwa njia nyingine kabisa. Ni mlolongo wa maswali kuhusu watu wa aina fulani, kila swali likijibiwa kwa neno lile moja la jina la wimbo. Hakuna anayetajwa. Lakini mwaka 2017 hakuna Mtanzania aliyehitaji kutajiwa. Kutumbua majipu ilikuwa ndiyo lugha ya Rais mwenyewe tangu aingie madarakani. "Dikteta uchwara" ni kauli dhidi ya Rais iliyompeleka mbunge wa upinzani Tundu Lissu mahakamani mwaka 2016. Nay aliyagusa yote mawili: aliuliza kuhusu uhuru wa kusema, na akauliza kuhusu daktari anayejua kutumbua tu na hataki kushauriwa.

Hili ni fumbo la jadi, na wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Nguvu ya fumbo ni hiyo nafasi iliyoachwa wazi ili kila mtu aijaze kwa analolijua. Polisi na Basata waliijaza wakaona kiongozi ametukanwa. Mashabiki waliijaza vilevile, ila wao wakashangilia. Kisha Ikulu ikaijaza kwa majina mengine kabisa.

Kiufundi, hatua ile ya Magufuli inastahili kusomwa kwa makini kuliko wimbo wenyewe. Hakuupinga. Aliukubali muundo wake, akaendeleza utunzi. Orodha kwa asili yake haina mwisho: ukishaimba aina tano za watu, nani atakukatalia kuongeza ya sita? Walioongezwa ndio waliobadilisha mwelekeo. Wakwepa kodi na wauza unga hawako jukwaani, wako uwanjani. Wimbo uliokuwa unanyoosha kidole juu ukageuzwa unyooshe chini, na hakuna mstari hata mmoja wa Nay uliofutwa. Msikilizaji mwenye mamlaka alijifanya mtunzi mwenza, na muundo wa wimbo haukuwa na kitu cha kumzuia.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Mwaka 1984 Bruce Springsteen alitoa "Born in the U.S.A.", wimbo wa roki ambao vesi zake zinamhusu askari aliyerudi kutoka vita ya Vietnam akakosa kazi na msaada, lakini kiitikio chake kinanguruma kama fahari ya taifa. Septemba mwaka huo Rais Ronald Reagan, akiwa kwenye kampeni New Jersey, alimtaja Springsteen kama mbeba ujumbe wa matumaini. Kiitikio kilikuwa kimeachana na vesi, na anayetafuta kura huchukua kiitikio. Kenya nayo, mwaka 2002, "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji ilikuwa majigambo ya vijana wawili waliokataa kutishwa na maisha. Muungano wa upinzani wa Narc uliubeba ukawa wimbo wa kukiangusha chama tawala cha Kanu, kwa kuwa majigambo hayasemi adui ni nani.

Bei ya kila njia

Kutokana na hayo, kuna kipimo kimoja ninachokipendekeza kwa anayetunga leo: je, unayemlalamikia anaweza kuupiga wimbo wako kwenye mkutano wake bila kuona haya? "Born in the U.S.A." ungepigika. "Wapo", baada ya ile Jumatatu, ungepigika. "Ndio Mzee" haupigiki, kwa sababu umati ukishaitikia tu, mheshimiwa aliye jukwaani anakuwa mhusika wa wimbo.

Lakini wimbo uliofungwa namna hiyo una bei yake, na aliyeilipa ni mtunzi. Joseph Haule aliposimama kwenye majukwaa halisi ya Mikumi mwaka 2015, alikuwa ameshaikalia nafasi ya mgombea kwenye masikio ya taifa kwa miaka kumi na minne. Kila alichoahidi kilikuwa na wimbo wake mwenyewe wa kukipimia. Alikaa Bungeni kipindi kimoja. Mwaka 2020 kiti kilikwenda kwa Dennis Londo wa CCM. Siwezi kusema wimbo ndio uliomtoa, maana uchaguzi ule ulikuwa na mambo yake mengi. Ninachosema ni kwamba wapiga kura wa Mikumi walipewa rula ya kumpimia mbunge wao, na mbunge mwenyewe ndiye aliyeitengeneza.

Kijana anayerekodi leo Morogoro au Dumila ana njia zote mbili mkononi. Akitaka wimbo ubebwe na wengi haraka, aache nafasi wazi kama Nay, ila ajue nafasi hiyo haina mlinzi. Akitaka usiporwe, ampe mtuhumiwa kipaza sauti na amwachie msikilizaji mstari wa aibu, kisha awe tayari kupimwa kwa mistari yake. Mimi ningemshauri hiyo ya pili. "Wapo" inaniruhusu kuwanyooshea wengine kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho. "Ndio Mzee" inanidai jibu: mgombea alipopita kwetu mara ya mwisho, nilimwitikia nini?