Chuma na Jasho: Maoni ya Wasomaji wa Majarida ya Malori ya Zamani

Lugha ya Kiswahili huvitenga vitu vya zamani katika mafungu mawili. Kitu kilichochakaa huitwa kikuukuu. Kitu kilichodumu na kuheshimiwa huitwa cha kale. Nguo kuukuu hugeuzwa tambara, bali mlango wa kale hutunzwa na kuonyeshwa wageni. Je, lori liwekwe katika fungu lipi? Wengi wetu tungejibu upesi kwamba lori lililokwisha kazi ni kuukuu tu, na kwamba lililobaki ni kuling'oa vipuri na kuliuza kwa mizani. Nchini Uingereza, hata hivyo, wako watu wengi wanaolihesabu lori la namna hiyo kuwa ni kitu cha kale, nao wana vyama vyao, misafara yao na majarida yao.

Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki majarida hayo kwa kupitia maoni ya wasomaji wake, yaani wapenzi wanaoyanunua, kuyasifu na kuyalaumu. Hatufanyi hivyo kwa kutukuza mambo ya kigeni. Tunafanya hivyo kwa sababu ubishi wao unagusa swali ambalo kila taifa hapana budi lijiulize: tunapohifadhi chombo cha kazi, tunahifadhi nini hasa?

Yafaa kwanza tueleze asili ya mapenzi hayo. Kiwanda cha Leyland, katika jimbo la Lancashire, kilianza mwaka 1896 kwa kutengeneza magari ya mvuke. Albion kilianzishwa mjini Glasgow mwaka 1899, na alama yake ilikuwa jua linalochomoza. Palikuwapo pia Foden wa Sandbach, AEC wa Southall, Scammell wa Watford, Guy wa Wolverhampton, na Bedford aliyeanza kutoa malori mwaka 1931. Kila kiwanda kilikuwa na sura yake na sauti yake, hata mtoto aliyekaa kando ya barabara aliweza kulitambua lori kabla ya kuliona. Kisha viwanda vikaanza kumezana. Leyland iliinunua Albion mwaka 1951 na Scammell mwaka 1955, ikaungana na AEC mwaka 1962. Baadaye vikaanza kufungwa: AEC mwaka 1979, Scammell mwaka 1988, na mwaka 2006 jina la Foden nalo likakoma. Wapenzi wa malori kwa hiyo hawakushuhudia kutoweka kwa magari peke yake, bali kutoweka kwa miji ya kazi na ufundi wa vizazi vitatu au vinne.

Kutokana na hali hiyo walijikusanya. Mwaka 1958 waliunda chama cha kuhifadhi magari ya biashara ya zamani; mwaka 1962 wakaanza msafara wa malori kutoka London hadi Brighton; na mwaka 1983 ikafunguliwa nyumba ya makumbusho ya magari hayo katika mji wenyewe wa Leyland. Majarida nayo yalifuata. Jarida la Commercial Motor lilikuwapo tangu mwaka 1905, lakini hilo lilikuwa la wenye biashara ya uchukuzi, na lori lililoelezwa humo lilikuwa jipya siku hiyo. Majarida ya wapenzi, kama vile Vintage Roadscene na Heritage Commercials, yalikuja baadaye na kugeuza uso nyuma. Habari za jana za lile la kwanza zikawa hazina ya haya ya pili.

Tukiyapanga maoni ya wasomaji wa majarida haya, tunaona kwamba yanahusu mambo manne makubwa. Jambo la kwanza ni wakati. Wako wasemao kwamba malori ya zamani ni yale ya mvuke, na yale ya petroli yaliyotangulia Vita Kuu ya Pili. Mengine yote ni magari tu. Wako wanaotaka miaka ya 1950 na 1960, enzi ya injini ya dizeli ya Gardner, ambayo ile yake ya silinda 6 iliyotoka mwaka 1958 ilikuwa na nguvu farasi 150 na ikasifiwa kwa uvumilivu kuliko kwa mbio. Wengine tena, walio vijana zaidi, huomba kurasa za Volvo na Scania za miaka ya 1970 na 1980, na wazee huwajibu kwamba magari hayo ya Sweden ndiyo yaliyoviua viwanda vya nyumbani. Tukichunguza tutaona kuwa kila kundi hulitetea lori la utoto wake. Ubishi wao wa tarehe kwa kweli ni ubishi wa kumbukumbu: kumbukumbu ya nani ipewe karatasi na wino?

Jambo la pili ni fani, na hasa picha. Kurasa nyingi za majarida haya hupambwa kwa picha za malori yaliyofanyiwa matengenezo makubwa, yakapakwa rangi, yakang'arishwa na kupangwa uwanjani siku ya maonyesho. Msomaji mgeni huzipenda picha hizo. Msomaji wa siku nyingi hunung'unika. Husema kwamba lori hilo linang'aa kuliko siku lilipotoka kiwandani. Kwamba bodi yake ni tupu, wala haijabeba mzigo kwa miaka 30. Na mara nyingine kwamba limepakwa rangi na kuandikwa jina la kampuni mashuhuri ya uchukuzi ambayo halikupata kuitumikia hata siku moja. Yeye hutaka picha za rangi nyeusi na nyeupe zilizopigwa barabarani, lori likiwa na matope, turubai limefungwa, na dereva amesimama kando na kofia yake. Wahenga wetu walisema: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Picha iliyofifia ya lori lililo kazini ina nguvu kuliko rangi mpya ya lori lililostaafu.

Jambo la tatu ni ukweli wa maelezo. Pengine hakuna wasomaji wakali kuliko hawa. Maelezo ya picha yakikosea mwaka, au yakiitaja injini isiyokuwamo, barua humiminika kwa mhariri. Msomaji mmoja atahesabu tundu za magurudumu. Mwingine ataitambua barabara kwa kuangalia kanisa lililo nyuma. Wa tatu ataandika kwamba lori hilo alilijua, kwa kuwa baba yake aliliendesha. Watu wa nje huweza kuucheka utaratibu huu na kuuita upuuzi wa wazee. Sisi hatuuchki, tunauona kuwa ni uhakiki wa hali ya juu. Watu hawa hawakufundishwa historia katika vyuo, lakini wanazijua kanuni zake: usiseme usilolijua, thibitisha, na ukikosolewa kwa haki, sahihisha hadharani. Kwa maoni yetu, ukurasa wa barua ndio ulio bora kuliko kurasa zote za majarida haya.

Jambo la nne ni maudhui ya makala yenyewe. Hapa wasomaji hugawanyika. Wengine wameridhika na orodha: aina ya lori, uzito, namba, tarehe ya kuuzwa, jina la mnunuzi. Wengine husema kwamba orodha ni mifupa bila nyama, na kwamba wao wanataka habari za madereva. Tunaafikiana na hawa wa pili, na tutatoa sababu kwa mfano.

Hadi mwaka 1957 sheria ya Uingereza iliyazuia malori mazito yasizidi mwendo wa maili 20 kwa saa, yaani yapata kilometa 32. Kutoka Glasgow hadi London ni kiasi cha maili 400. Kwa hiyo dereva aliyeshika sheria alihitaji saa 20 usukanini, ilhali sheria nyingine ya mwaka 1930 ilimkataza kuendesha zaidi ya saa 11 kwa siku. Basi alilala njiani, akaendelea kesho yake, mara nyingi katika chumba cha dereva kisichokuwa na joto wakati wa baridi. Kabla ya kuondoka alipaswa kuupanga mzigo juu ya bodi isiyo na kuta, kuufunika kwa turubai na kuukaza kwa kamba, akitumia mafundo aliyofundishwa na waliomtangulia. Fundo likilegea mzigo humwagika, na pengine mtu hufa. Ufundi huo ulififia makontena na magari ya mapazia ya pembeni yalipoenea katika miaka ya 1970 na 1980. Hakuna rangi yoyote, hata ing'ae namna gani, inayoweza kumweleza kijana habari hizo. Ni maneno tu yanayoweza.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wale wanaotengeneza malori na kuyang'arisha si watu wa kubezwa. Bila wao chuma kingekwisha kuyeyushwa, na wapenzi wa picha za zamani wasingekuwa na kitu cha kulinganisha nazo. Wengi hutumia fedha zao na mapumziko yao, wakichonga kwa mkono vipuri ambavyo kiwanda hakitengenezi tena. Huo nao ni ujuzi, na jarida linapoeleza kwa makini jinsi breki au sanduku la gia lilivyofufuliwa, linahifadhi kazi vilevile. Kosa la majarida si kuonyesha malori mazuri. Kosa ni kuuacha uzuri usimame mahali pa habari.

Ziko dosari nyingine ambazo wapenzi wenyewe hawazitaji mara nyingi, nazo zinatuhusu sisi moja kwa moja. Malori ya Uingereza hayakukaa Uingereza. Bedford, Leyland na Albion ni majina waliyoyajua wazee wetu wa Afrika ya Mashariki katika kubeba pamba, kahawa, mkonge, mbao na watu. Viwanda vilipiga picha za magari yaliyopelekwa ng'ambo, na picha hizo zilipigwa ili kuuza magari. Kwa hiyo macho yake huangalia gari. Jarida linapoichapisha tena picha ya namna hiyo na kuongeza tu aina ya gari na mwaka, linaendeleza macho ya muuzaji. Wapenzi wanaoweza kugombana barua tatu kwa sababu ya tundu za gurudumu, mbona hawaulizi jina la mtu aliyeshika usukani, na la utingo aliyekaa juu ya mzigo?

Lakini lawama hiyo tusiielekeze kwao tu. Hapana mgeni aliyetukataza kuandika majina hayo. Chukua mfano wa njia ya Zambia. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa mafuta yaliyokuwa yakipitia njia yake ya kusini. Mizigo ikageuzwa kuja Dar es Salaam, na mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya uchukuzi ya Zambia na Tanzania, iliyotumia malori ya Fiat kutoka Italia. Bomba la mafuta lilikuwa bado halijakamilika hadi mwaka 1968, na reli ya TAZARA ilikabidhiwa mwaka 1976. Katikati ya miaka hiyo, uhai wa nchi jirani ulipita juu ya magurudumu, katika barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya utelezi wakati wa masika, kwenye miteremko kama ile ya Kitonga. Njia hiyo ilipewa jina la kutisha, na habari zake zikaandikwa. Sisi tunaikumbuka siasa yake, na ni haki tuikumbuke. Lakini dereva aliyekuwa na umri wa miaka 25 mwaka 1966 sasa amepita miaka 80. Nani anamwandika?

Kutokana na uchunguzi huu tunatoa kauli moja. Majarida ya malori ya zamani ni mazuri kwa kadiri yanavyokumbuka kwamba lori ni chombo cha kazi, na ni dhaifu kwa kadiri yanavyolifanya kuwa pambo. Wasomaji wake walio bora wanalijua hilo, ndiyo maana hudai picha za kazi, maelezo ya kweli na sauti za madereva. Tunalopaswa kujifunza kwao ni ule ukali wao wa kusoma. Tunalopaswa kuongeza ni lile swali wanalolisahau, yaani swali la mtu.

Tunawaachia walimu wa sekondari kazi moja iliyo nyepesi. Katika nyumba nyingi za vijiji na miji yetu imo picha ya zamani ya lori, nyuma yake pengine pameandikwa mwaka, pengine hapakuandikwa kitu. Mwanafunzi aipeleke kwa mwenyewe aliye hai na kumwuliza maswali matano: nani aliendesha, nani alifunga mzigo, ulikuwa mzigo gani, ulitoka wapi kwenda wapi, na lilikuwa mwaka gani. Majibu yaandikwe chini ya picha kwa Kiswahili safi, na darasa zima liyahakiki kama wasomaji wale wa barua wanavyohakiki. Kazi hiyo haihitaji fedha wala makumbusho. Inahitaji ianze wakati wenye majibu bado wapo.