Unywele Mmoja na Kinywa cha Karpi

Katika historia ya uvuvi wa ndoano ni nadra kukuta badiliko kubwa lililoletwa na kifaa chepesi kama unywele wa binadamu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, wavuvi wawili wa Uingereza, Lenny Middleton na Kevin Maddocks, waliwatazama karpi wakila ndani ya tangi, wakabaini kwamba samaki hao waliweza kutofautisha chambo kilichobeba ndoano na chakula kilichotawanywa bure kando yake, ndipo wakakitoa chambo kwenye ndoano na kukining'iniza pembeni yake kwa unywele. Uchambuzi huu unashikilia kwamba mbinu hiyo ilifaulu kwa sababu iligeuza swali lililokuwa likiulizwa: wavuvi waliotangulia walitaka kujua karpi huvutwa na nini, ilhali mbinu ya unywele ilijengwa juu ya namna anavyotema.

Karpi, ambaye jina lake la kisayansi ni Cyprinus carpio, ni samaki wa maji yasiyo ya chumvi mwenye asili ya Ulaya ya mashariki na Asia, na ni wa jamii moja na ningu wa Ziwa Victoria. Wasomaji wa Kenya wanamfahamu pia katika Ziwa Naivasha, ambako alianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 2000 na baadaye akawa sehemu kubwa ya mavuno ya wavuvi. Huko Uingereza alisifika kwa muda mrefu kuwa samaki mwerevu asiyenaswa kwa urahisi, kiasi kwamba Richard Walker alipomtoa karpi wa ratili 44, yaani takriban kilo 20, katika bwawa la Redmire mwaka 1952, tukio hilo lilihesabiwa kuwa ushindi wa kukumbukwa. Werevu huo, hata hivyo, unaeleweka vizuri zaidi ukichunguzwa kupitia milango ya fahamu ya samaki mwenyewe.

Mlango wa kwanza ni kusikia. Mwaka 1820 mwanasayansi wa Kijerumani Ernst Heinrich Weber alieleza mnyororo wa vifupa vidogo unaounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani la samaki wa kundi hili, ambalo dagaa wa Ziwa Victoria pia wamo. Kibofu hutikiswa na mawimbi ya sauti yanayopita majini, na vifupa hivyo hufikisha mtikisiko huo sikioni, ndiyo maana karpi husikia kwa upana kuliko samaki wengi wasio na mnyororo huo. Pamoja na sikio kuna mstari wa ubavuni, ambao ni safu ya vihisio inayotambua mwendo wa maji yaliyo karibu na mwili. Mvuvi anayekanyaga ukingo kwa kishindo, au anayetupa chubwi zito juu ya samaki wanaokula, huwa ameshatoa taarifa ya kuwapo kwake kabla chambo hakijatua.

Mlango wa pili ni harufu na ladha, ambazo kwa samaki zote mbili hubebwa na kemikali zilizoyeyuka majini. Karpi ana vinundu vya ladha ndani ya kinywa, kwenye midomo, kwenye jozi mbili za sharubu na hata kwenye ngozi ya nje, hivyo huweza kuonja tope la chini kwa kulipapasa tu. Utafiti wa kuonja kwake umeonyesha kwamba huitikia kwa nguvu baadhi ya asidi amino, yaani vijenzi vya protini, zikiwamo prolini, alanini na asidi glutamiki, ambazo huvuja kutoka katika miili ya konokono, minyoo na mabuu anaowala. Mafunzo ya vitendo yanayotokana na jambo hilo ni mawili. Kwanza, kinachomfikia samaki ni kile kinachoyeyuka, kwa hiyo mafuta, ambayo hayachanganyiki na maji na huwa mazito zaidi wakati wa baridi, hueneza habari hafifu kuliko protini iliyokwisha kuvunjwavunjwa. Pili, harufu kali inayompendeza binadamu akiwa nchi kavu haina budi kupimwa upya, kwa kuwa pua ya mvuvi si mwamuzi wa kinachoonjwa chini ya maji.

Ni katika mkondo huo Fred Wilton wa Uingereza alitetea chambo chenye lishe bora, akiamini kwamba samaki angejifunza kukitafuta chakula kinachomjenga mwili. Mawazo hayo yalichangia kuenea kwa vibonge vya unga wenye protini, vinavyokandwa kwa mayai mabichi na kuchemshwa hadi vipate ganda gumu ambalo samaki wadogo hawawezi kulidonoa. Kiasi cha kutawanya nacho kinaamuliwa na mwili wa samaki: karpi hana tumbo la kuhifadhia chakula bali utumbo mrefu tu, kwa hiyo hula kidogo kidogo kwa saa nyingi, na kwa kuwa joto la mwili wake hufuata joto la maji, hamu yake hupungua sana majira ya baridi. Ndoo nzima ya chambo inayofaa mwezi Julai, wakati wa kiangazi cha Ulaya, huweza kumshibisha samaki wa Januari kabla hajaifikia ndoano.

Hata hivyo, jambo lenye uzito zaidi hutokea baada ya chambo kuingia kinywani. Taya za karpi hazina jino hata moja. Taya la juu huchomoza mbele na kushuka kama bomba fupi, huku kinywa na vifuniko vya matamvua, ambayo ni viungo vya kupumulia majini, vikitanuka kwa pamoja, na maji huingia kwa kasi yakibeba tope, changarawe, vijiti na mabuu kwa mkupuo mmoja. Samaki huyu basi hufyonza kwanza na kuchagua baadaye. Ferdinand Sibbing, mwanabiolojia wa Wageningen nchini Uholanzi, aliyechunguza ulaji wa karpi katika miaka ya 1980 kwa kutumia filamu za eksirei na vipimo vya umeme wa misuli, alionyesha jinsi uchaguzi huo unavyofanywa na kiungo cha kaakaa, ambacho ni mto wa misuli ulioko darini mwa koromeo, uliosheheni vinundu vya ladha. Pale chembe ya chakula inapogusa mto huo, sehemu ndogo iliyoguswa huvimba peke yake na kuibana chembe dhidi ya sakafu ya koromeo, wakati maji yanaposukumwa mbele na nyuma na kuondoa taka kupitia matamvua au mdomoni. Tendo hilo hurudiwa mara nyingi, mfano wa mpepetaji anayerusha na kupokea mchele kwenye ungo hadi pumba ziishe, na kinachobaki hupelekwa kwenye meno ya koromeo, matano kila upande, yanayosaga dhidi ya bamba gumu lililo juu yake.

Kwa kuzingatia mashine hiyo ya kupepeta, kushindwa kwa mbinu ya zamani kunaeleweka. Chambo kilichochomekwa ndoano kilikuwa kizito kuliko vipande vya jirani, kilivutwa nyuma na mshipi mgumu, na kilipofika kinywani kilitambuliwa kuwa na kitu kigeni na kutemwa. Na kwa kuwa ncha ya ndoano ilikuwa imezama ndani ya chambo chenyewe, kilitoka bila kumkwaruza samaki. Mvuvi aliyeketi ukingoni aliona chelezo kikitikisika kidogo tu, au hakuona chochote.

Unywele ulibadilisha mpangilio huo wote. Chambo kinachoning'inia milimita chache kutoka kwenye ndoano hucheza karibu kama kile kisichofungwa, hivyo hufyonzwa na kuikokota ndoano nyuma yake. Samaki akitambua chuma na kusukuma maji nje, chambo hutangulia kutoka, unywele hukazika, na ndoano, ambayo sasa ncha yake iko wazi, hugeuka na kukwama kwenye mdomo wa chini. Mbinu hii ilikamilishwa na chubwi la gramu 60 au zaidi lililofungwa karibu na ndoano: samaki anayeshtuka na kukimbia hukutana na uzito huo, na ndoano huzama kabla mvuvi hajaushika ufito. Siku hizi unywele wenyewe umeuachia nafasi uzi laini uliosukwa, na wengine huingiza kipande cha kizibo ndani ya chambo ili kifidie uzito wa ndoano, lakini kanuni ni ile ile, kwamba kitendo kilichokuwa kikimwokoa samaki ndicho kinachomnasa.

Mafanikio hayo yana mpaka wake. Huko Uholanzi, J. J. Beukema alionyesha katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1970 kwamba karpi aliyenaswa mara moja tu huwa mgumu kunaswa tena, na tahadhari hiyo huweza kudumu mwaka mmoja au zaidi. Kwa kuwa wavuvi wengi wa Ulaya humrudisha karpi majini akiwa hai, kila bwawa hujaa samaki waliokwisha kufundishwa, na mvuvi hulazimika kubadili urefu wa uzi, aina ya chambo na mahali pa kukiweka. Urudishaji huo pia unadai uangalifu: chubwi lazima lifungwe kwa namna ya kuachia mshipi unapokatika, kwa sababu samaki anayebaki akiburuta chubwi katikati ya magugu hana njia ya kujiokoa, na hakuna ujuzi wa uvuvi unaoweza kuhalalisha kifo cha namna hiyo.

Mvuvi wa Afrika Mashariki atakayetaka kuuchukua unywele na kuupeleka kwa sangara atakata tamaa mapema, kwa kuwa sangara humeza mawindo yake mazima wala hapepeti tope. Kinachoweza kusafirishwa ni utaratibu wa kazi, yaani kumtazama samaki akila, kufuata njia ya chakula kutoka mdomoni hadi kooni, kutambua ni wapi anapoamua kukubali au kukataa, na kisha kuiweka ndoano mahali pa uamuzi huo. Middleton na Maddocks waliuona uamuzi huo kupitia kioo cha tangi kabla filamu za eksirei hazijaeleza namna unavyofanyika.