Kutu ya Kambalda

Kambalda iko kusini mwa Kalgoorlie, Australia Magharibi, kando ya ziwa la chumvi liitwalo Lefroy. Mwishoni mwa karne ya 19 wachimba dhahabu walifurika huko. Dhahabu ilipopungua wakahama, na yale mawe mazito yenye kutu waliyokuwa wakiyakanyaga kila siku wakayaacha palepale. Baadaye sana George Cowcill, mtafutaji madini wa kujitegemea, aliyatilia shaka akidhani yana urani. Mwaka 1964 mawe hayo yakawafikia wanajiolojia wa Western Mining Corporation, nao wakaona nikeli. Tarehe 28 Januari 1966, shimo lao la kwanza la kuchoronga lilipenya mbale yenye unene wa mita 2.7 na nikeli ya asilimia 8.3.

Watu husema ni bahati. Bahati ilikuwepo, sikatai, lakini anayejua kazi yenyewe ataona mengi kuliko hiyo.

Miaka bilioni 2.7 hivi iliyopita, volkeno za huko zilimwaga lava yenye joto la takriban nyuzi 1,600 za Selsiasi, kali kuliko lava yoyote inayomwagika leo. Huitwa komatiiti, kwa jina la mto Komati wa kusini mwa Afrika. Ilitiririka upesi mno, ikayeyusha sakafu iliyopitia na kumeza mashapo yenye salfa. Salfa ikanasa nikeli na shaba zilizokuwamo ndani ya lava, na mchanganyiko huo, yaani salfaidi, ukazama kama matone mazito hadi kwenye vibonde vya chini. Ndiyo maana mbale za Kambalda hukaa kwenye kitako cha tabaka la lava, mara nyingi kwa unene wa mita chache tu. Tatizo ni kwamba ukanda wote umekunjwa na kusimamishwa wima tangu wakati huo, na kitako chenyewe huenda sasa kiko ubavuni, au juu.

Hapo ndipo jicho hupata kazi. Sehemu ya juu ya lava hiyo ilipopoa haraka, iliotesha fuwele ndefu nyembamba zilizotawanyika mithili ya nyasi za jangwa la huko, nyasi ziitwazo spinifeksi. Mwanajiolojia akizikuta kwenye jiwe anajua ameshika upande wa juu. Anageuka, anatembea upande wa pili kuutafuta mpaka ambapo lava inakutana na mwamba wa chini yake, kisha anaufuata mpaka huo kwa nyundo, dira na lenzi, juani, kutwa nzima.

Akikuta kutu, bado haamini. Miamba ya aina hii ikioza juani huacha nikeli kwenye udongo hata pasipokuwa na salfaidi chembe moja, na wengi wamechoronga wakaambulia patupu kwa kushangilia nikeli peke yake. Yeye huitaka shaba iwe pamoja nayo, na platinamu na paladiamu zikionekana humtuliza zaidi. Hulivunja jiwe na kulitazama kijumba kwa kijumba, maana salfaidi ikiyeyuka huacha vyumba vidogo vyenye kuta za kutu.

Kisha unakuja waya. Hutandazwa ardhini kwa mzunguko wa mamia ya mita, umeme hupitishwa, halafu hukatwa ghafla. Salfaidi iliyoshikamana chini huendelea kubeba mkondo baada ya hapo kwa muda mrefu kuliko mwamba wa kawaida, na kipimo hunasa mabaki yake. Lakini maji ya chumvi ya Australia nayo hupitisha umeme, na mwamba mweusi wenye grafiti humdanganya hata mkongwe.

Ninachokistahi zaidi ni shimo lililokosa. Mche wa mwamba uliotolewa shimoni umepangwa kwenye masanduku, umelowanishwa maji ili rangi zijitokeze, na hauna mbale. Fundi mzuri huusoma mita kwa mita vilevile: lava inaanzia wapi, mpaka umevuka katika kina gani, je, nikeli iliyo ndani ya mwamba imepungua kana kwamba salfaidi ilishainyonya mahali fulani karibu? Halafu hushusha kipimo ndani ya shimo, na kipimo humweleza kama kuna kitu kinachopitisha umeme pembeni, na kiko upande gani. Shimo linalofuata huelekezwa kwa ushahidi huo.

Biashara haina subira hiyo. Mwaka 2024 kampuni ya BHP ilisimamisha shughuli zake za nikeli Australia Magharibi, baada ya nikeli nyingi ya Indonesia kuangusha bei. Daftari za mashimo hazikubadilika kwa sababu hiyo.

Kwetu Tanzania, ukanda wa Ziwa Victoria kuanzia Geita hadi Kahama una miamba ya rika hilohilo, nasi tunaufahamu kwa dhahabu. Nikeli ya Kabanga, Ngara, imo katika miamba michanga zaidi, ila kanuni ya salfaidi ni ileile. Kwa kijana anayeanza kazi katika kambi za uchorongaji nina ombi moja: shimo tupu liandike kwa ukamilifu uleule ambao ungeliandikia lenye mbale, na mche wake usiutupe.