Dizeli Safi, Kichujio Kitupu

Gari la dizeli linalolala Kaaga, mjini Meru, huishi maisha mawili. Siku za kazi linapeleka watoto shuleni, linafika Makutano au Gakoromone, linarudi. Ni kilomita chache tu, na injini inazimwa kabla haijapata joto sawasawa. Mara moja moja linapanda Timau kwenda Nanyuki likiwa na mzigo na abiria, injini ikinguruma mwendo mrefu. Mwenye gari hudhani safari ya kwanza inalitunza na ya pili inalichakaza. Kwa kichujio cha masizi kilichofichwa chini ya gari, mambo ni kinyume.

Nakichambua hapa kichujio hicho: jinsi kilivyofika Meru bila mtu wa Meru kukiomba, jinsi dizeli ilivyosafishwa hadi kikaweza kufanya kazi, na kwa nini, pamoja na hayo yote, bado kuna magari yanayotembea na kasha lake likiwa tupu.

Sega la kauri

Kichujio chenyewe, ambacho mafundi hukiita DPF, ni kipande cha kauri chenye vijia vyembamba kama sega la nyuki. Kijia kimoja kimezibwa mbele, jirani yake kimezibwa nyuma, hivyo moshi hauna budi kupenya ukutani na kuacha masizi. Sega likijaa, masizi huchomwa humo humo, nayo huhitaji joto la karibu nyuzi 600 ili yawake. Moshi wa gari linalozunguka mjini haufiki huko. Kwa hiyo kompyuta ya gari ikiona shinikizo limepanda kwenye kichujio, huamuru dizeli ya ziada inyunyizwe baada ya mwako wa kawaida, ikaungue kwenye bomba la moshi na kupandisha joto.

Kazi hiyo inataka mwendo usiokatika wa robo saa au zaidi. Ukizima gari katikati, masizi hubaki, na sehemu ya ile dizeli huteremka kwenye oili. Ndiyo maana wengine huchomoa kijiti cha kupimia wakashangaa kuona oili imeongezeka badala ya kupungua. Mlima wa Timau humaliza tatizo hilo bila spana: injini inabeba mzigo, moshi unakuwa wa moto, sega linajisafisha.

Kuku mgeni

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Magari mengi tunayonunua yamefugwa Japani, na kamba yaliyofungwa huko tunaiona hapa.

Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi wa habari akitikisa chupa ya plastiki iliyokuwa na masizi ya dizeli. Tarehe 1 Oktoba 2003, Tokyo na majirani zake Saitama, Chiba na Kanagawa zikaanza kuyazuia malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango cha masizi: ama yafungwe kifaa cha kupunguza masizi, ama yasiingie. Kwa wenye magari ya zamani, kuyauza nje ya nchi ilikuwa njia mojawapo ya kujinasua. Kisha mwaka 2009 serikali ya Japani ikaweka kiwango kikali zaidi kwa nchi nzima: gari dogo la dizeli lisitoe zaidi ya gramu 0.005 za masizi kwa kilomita. Yaani gramu moja tu kwa kilomita 200, karibu safari nzima ya Meru hadi Nairobi. Hakuna injini ya dizeli inayofikia hapo kwa urahisi bila kichujio.

Kenya, kwa upande wake, hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo lina zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Sheria hiyo ni kama saa inayochelewa miaka minane: kinachowekwa Japani leo kitatua Mombasa muda huo ukikaribia kwisha. Mazda CX-5 ya dizeli ilianza kuuzwa Japani mwaka 2012, na kufikia 2020 mafundi wetu walikuwa wanaujua vizuri ugonjwa wake wa masizi. Toyota HiAce ya injini ya lita 2.8 ilitoka huko mwishoni mwa 2017 ikiwa na tangi la pili, la AdBlue, mchanganyiko wa maji na urea wa kuzima oksidi za nitrojeni. Gari la toleo hilo likinunuliwa kwa kazi ya matatu, mwenyewe anajikuta ana vimiminika viwili vya kujaza, na cha pili hakimo katika hesabu ya nauli.

Mstari mmoja kwenye zabuni

Kichujio cha namna hii hakivumilii salfa. Salfa ikiungua hugeuka gesi, kisha kwenye platinamu iliyopakwa ndani ya mfumo wa moshi hugeuka salfeti. Salfeti yenyewe ni chembe nyingine za kuchujwa, na pia hukalia nafasi ambapo platinamu ingefanya kazi. Hadi mwisho wa 2014 dizeli iliyoagizwa Kenya iliruhusiwa kuwa na sehemu 500 za salfa katika kila milioni. Tarehe 1 Januari 2015 kiwango kikashuka hadi 50, na si Kenya peke yake: Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilikubaliana kiwango hicho kupitia Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Iliwezekanaje mara moja? Jibu liko Changamwe. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kilikuwa cha miaka ya 1960, na hakikuwa na mitambo ya kuondoa salfa kiasi hicho. Kingebaki kikifanya kazi, kila mjadala wa dizeli safi ungekuwa mjadala wa mabilioni ya kukijenga upya. Kilipoacha kusafisha mafuta ghafi mnamo Septemba 2013, Kenya ikawa inaagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa, kwa zabuni ya pamoja. Kuanzia hapo kubadili ubora wa dizeli ya nchi nzima ilikuwa kubadili mstari mmoja kwenye masharti ya zabuni. Kwa kuwa Uganda na Rwanda nazo hupitisha mafuta yao bandarini humu, mkataba wa majirani ulikuwa wa lazima: lori la Kampala na lori la Meru hujaza kwenye bomba lile lile.

Sheria ilifanikiwa kwa sababu mlango ulikuwa mmoja. Japani tayari ilikuwa inatumia 10, lakini 50 zilitosha kichujio kiishi.

Jicho linavyodanganywa

Shida inaanza baada ya lango. Taa ya injini inawaka, gari linakosa nguvu, na bei ya kichujio kipya inamtoa mtu jasho. Fundi wa kulehemu ana suluhisho la mchana mmoja: anapasua kasha, anavunja kauri kwa patasi, anafunga tena kama kwamba hakuna kilichotoka. Fundi wa kompyuta anamalizia kwa kuifuta programu inayokiulizia kichujio. Kamba ya kuku imekatwa.

Wajerumani walifanya jambo la kisomi zaidi. Programu ya Volkswagen ilisoma mkao wa usukani, mwendo, muda injini ilipokuwa ikiwaka na hata shinikizo la hewa, ikatambua kwamba gari liko maabara, na hapo tu ndipo ikadhibiti ipasavyo oksidi za nitrojeni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walilifikia jambo hilo kwa kufunga vipimo ndani ya magari na kuyaendesha barabarani. Septemba 18, 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ikatangaza kosa hilo, na kampuni ikakiri kwamba magari yapata milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Lakini angalia tofauti: kule ujanja ulijificha kwa sababu kipimo kilikuwapo. Huku kwetu patasi haijifichi, kwa kuwa hakuna anayeitafuta.

Si kwamba hatuna sheria. Kanuni za ubora wa hewa zinagusa moshi wa magari, na matatu na malori hupita ukaguzi. Tatizo ni kwamba tumezoea kupima kwa macho. Meru iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja kwa saba kuliko pwani. Injini kuukuu yenye pampu ya kimakanika, isiyo na kifaa cha kurekebisha mwinuko, humimina dizeli ile ile ya Mombasa kwenye hewa pungufu, na moshi mweusi unatoka. Tumejifunza kwamba moshi mchafu ndio huo. Injini ya kisasa iliyotolewa kichujio haitoi wingu. Inatoa chembe ndogo mno zisizoonekana, na hata kipimo cha kawaida cha weusi wa moshi huweza kuipitisha. Uholanzi ililiona hilo, na tangu Januari 2023 hutumia mashine inayohesabu chembe: zikizidi milioni moja kwa sentimita moja ya ujazo, gari limeanguka. Na hizo ndizo chembe za moshi wa dizeli, ambao mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa.

Kwa hiyo kazi iliyobaki si ya bandarini wala ya zabuni. Ni ya kuweka kipimo mwishoni mwa bomba, kwenye vituo vya ukaguzi, tena kipimo kinachoona kisichoonekana.

Mwenye gari naye ana la kufanya kabla ya kumwita mtu wa patasi. Masizi huungua, kwa hiyo kichujio kilichojaa masizi hakijafa. Kipeleke Timau mara moja kwa wiki, mwendo mrefu bila kuzima. Jivu la oili ndilo lisiloungua. Tumia oili ya jivu dogo, na likijaa, kichujio kifunguliwe kioshwe.

Na ukienda kununua dizeli iliyotumika, kabla hujafungua boneti, zunguka nyuma injini ikiwa baridi, uingize kidole kwenye bomba la moshi. Gari lenye kichujio kizima huacha kidole karibu safi, hata likiwa limetembea kilomita laki moja. Kikitoka cheusi tii, muulize muuzaji kauri ilienda wapi.